Msiba Niliouanzisha Mbuchi

Naandika haya kwa hasira, niseme mapema kabisa, maana nimechoka kusimuliwa aibu yangu na watu ambao hawakuwepo. Juzi hapa Kibiti nimepanga foleni kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mama mmoja (simjui, hanijui) ananigeukia na kunihadithia mimi mwenyewe, tena kwa mikono na macho, habari za "dada mmoja hamnazo" aliyetoka barabarani huko akaenda Mbuchi akawatoa watu kwenye mashamba yao kwa kilio cha uongo, nami nimesimama na debe langu kichwani naitikia "Ehe? Lo! Kweli?" kama vile sijui. Basi dada hamnazo ndiyo miye. Aibu ni yangu, nitaivaa mwenyewe, ila angalau ivaliwe kwa saizi yake.

Chanzo ni likizo. Mume wangu, Baba Nasri, ni fundi wa kuchomelea mageti, na tangu tumeoana ananiahidi Zanzibar. Mwaka huu Zanzibar, mwaka kesho Zanzibar, mimba ikaja, mtoto akazaliwa, akaota meno, akaanza kuwang'ata wenzake, Zanzibar siioni. Siku moja nikamwambia, Baba Nasri, Zanzibar yako baki nayo, mimi sitaki tena kuisikia humu ndani. Sisi tuna mkoa wetu. Mkoa wa Pwani mkubwa hivi, una mto, una mikoko, una visiwa, una mbuga, watu wanapanda ndege kutoka kwao kuja kuuona, sisi tunaoishi ndani yake tunachokijua ni stendi ya Kibiti na njia ya sokoni! Nimesoma mpaka kidato cha nne, na jiografia nilikuwa naipenda, kwa hiyo nikakaa nikapanga mwenyewe: tuanze Mloka kwenye tembo wanaokula mahindi ya watu, tushuke Mohoro, tuingie delta mpaka Mbuchi, tutoke Nyamisati tupande boti ya Mafia tukamwone papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote, tukirudi tuvuke mpaka Bagamoyo, na nguvu zikibaki, Saadani, ambako wanasema simba anatembea ufukweni kama mtu anayepunga upepo.

Wifi yangu Zuhura, dada yake Baba Nasri, akacheka mpaka akakaa chini. "Wifi, likizo ni kwenda kwa watu. Hiyo yako ni kuzunguka uani."

"Hujalazimishwa kuja."

"Nani kasema siji? Nakuja kuona mtu anavyopotea kwao."

(Alikuja. Na aliona.)

Sasa ndani ya nyumba yangu naishi na Bibi, mama mzazi wa mama yangu, macho yamemwingia ukungu, mtu anamwona kama kivuli, lakini masikio yake yanasikia sufuria ikifunuliwa nyumba ya tatu. Akatusikia tukipanga. Akaita, "Mke mwenzangu!" (ndivyo anavyoniita, maana Baba Nasri anamwita mume wake, na Nasri naye mume wake, huyu bibi hashibi waume). "Kama safari yenu inapita Mbuchi, nipitisheni kwa babu yangu."

Nikamuuliza babu gani tena Mbuchi, mbona sijawahi kumsikia. Ndipo akanieleza, taratibu, akitafuna tambuu yake. Wakati wa Vita vya Maji Maji, Wadachi, yaani Wajerumani, walipoona watu hawamaliziki kwa bunduki wakaanza kuchoma maghala ya chakula, babu yake, jina lake Mbonde, akateremka kutoka milima ya Umatumbi na mkewe na mtoto wa kunyonya, wakaja kujificha kwenye mikoko. Vita havikumuua. Njaa ndiyo iliyomuua, kwa sababu kila alichokipata alimpa mkewe ili maziwa yasikauke. Mkewe akamzika peke yake, kwa mikono na kifuu cha nazi, hapana sanda, hapana mtu wa kushika upande wa pili, hapana mtu wa kuitikia dua. Akambeba mwanawe, akaenda zake Mohoro. Yule mtoto ndiye baba yake Bibi.

"Baba yangu kafa akiniusia," Bibi akasema. "Babu yako hajaitikiwa amin. Nami kila mwaka nasema nitakwenda, mara mafuriko, mara uzazi, mara msiba, sasa macho haya. Nikifa sijakwenda, nitamwambia nini baba?"

Hapo likizo ikabadilika. Mambo mengine yote yakawa mapambo, mimi moyoni nikaapa kwamba Bibi atafika kwenye lile kaburi, hata kama nitambeba mgongoni na Nasri kifuani.

Aliyelijua kaburi ni mtu mmoja tu, mjomba wangu Shomari, mtoto wa Bibi, anayevua huko huko delta. Alionyeshwa na babu yake, yaani baba yake Bibi, akiwa mdogo. Tukakubaliana naye kwa simu kwamba tukutane kwenye kitongoji fulani cha Mbuchi, yeye atavuka mkondo kutoka kwake atukute. Mloka tukaenda, tembo hatukuwaona, tuliona kinyesi chao (Zuhura akakipiga picha), Mohoro tukalala kwa jamaa, na asubuhi tukaingia Mbuchi kwa gari la kukodi, Bibi kavaa kanga mpya, kashika chupa zake za marashi na ubani kwenye kikapu, amenyamaza kama bi harusi.

Mjomba hayupo.

Nikampigia. "Mjomba, shikamoo, tumefika, uko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Niko huku, maji yamekupwa, mtumbwi umekaa kwenye tope. Yakijaa tu nakuja. Nisubirini hapo hapo kwa mwenyekiti wa kitongoji."

"Yatajaa saa ngapi?"

"Yakijaa."

Mtanisamehe, mimi ni mtu wa hasira, sikuumbwa kungojea bahari. Ratiba yangu ilikuwa inasema jioni tuwe Nyamisati, asubuhi boti ya Mafia, papa potwe hamsubiri mtu. Nikamwambia mjomba nielekeze tu. Akasema, haya, pita nyumba ya mwisho, utaingia kwenye migomba, uipite, halafu kuna... lakini we mama, si usubiri nije? Nikasema nimeelewa, nikakata simu. Hapo ndipo. Mambo yote yaliyofuata yalitokana na kukata ile simu, na mpaka leo nikimpigia mjomba kabla hajasema salamu ananiambia, "Usikate."

Tukaongozana. Mbele mimi na Nasri mgongoni, nyuma Baba Nasri amemshika Bibi mkono, mwisho Zuhura na simu yake. Nyumba ya mwisho, tukaipita. Migomba, tukaingia. Na katikati ya migomba, mahali pamefagiliwa, nikaliona: tuta la udongo, urefu wa mtu mzima aliyelala, udongo mpya, juu limefunikwa makuti vizuri, na kila upande kijiti kimesimama. Moyo ukanipiga paa! Nikasema, mashaallah, mjomba kumbe alishakuja akalisafisha.

"Bibi, tumefika."

Bibi akasita. Akavua viatu. Tukamkalisha kwenye mkeka, akanyoosha mkono akalipapasa lile tuta polepole kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala.

"Udongo una joto," akasema.

"Jua hilo, Bibi," akasema Baba Nasri. Jua lenyewe halikuwepo, tulikuwa kivulini.

"Si jua." Bibi akainama, akanusa. Machozi yakaanza kumtoka. "Mnasikia harufu? Harufu tamu. Kaburi la mja mwema hunukia."

Na kweli lilikuwa linanukia! Mimi mwenyewe nikasisimka mwili mzima. Zuhura akaninong'oneza, "Wifi, mbona kama kuna moshi unatoka pale kichwani?" Nikamwambia kwa ukali, "Ni ubani huo, kaa kimya." Ubani ulikuwa bado haujawashwa. Lakini mtu akishaamua kuona kaburi, ataona kaburi.

Bibi akafungua marashi akamimina, chupa ya kwanza, chupa ya pili, yakaingia udongoni yakisema sssss. Kisha akalia. Sasa sikilizeni, Bibi wangu halii kilio cha mjini cha kufuta pua kwa leso. Bibi analia kilio cha zamani, cha sauti, chenye maneno ndani, anamwita marehemu, anamweleza, anamlaumu, anamwita tena. Alikuwa amekitunza kilio hicho tangu baba yake alipomuusia. Kikatoka chote.

Na kwetu huku ukisikia kilio cha namna hiyo huulizi. Unaanza kulia, unakwenda, habari utazikuta mbele. Mama mmoja alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani, akaitua, akaweka mikono kichwani, akaanza. Wa pili akatokea. Wa tatu akaja anakimbia huku anajifunga kanga ya pili. Wanawake waliokuwa juu ya madungu, vile vichanja vya shambani, wakiamia ndege wasile mpunga, wakashuka, wakawaacha ndege na mpunga, wakaja. Mimi nasimama, najaribu kusema, jamani, jamani, huku mtu simjui ameniangukia begani analia kuliko mimi, Nasri naye kaona watu wote wanalia akaanza yake.

Wanaume wakaja wamebeba jamvi. Mmoja, mtu mzima, mpole, akanivuta pembeni. "Pole sana binti yangu. Aliyefariki ni nani?"

"Babu yetu."

"Innalillahi. Lini?"

Mimi mtu wa kusema kweli. "Wakati wa Vita vya Maji Maji."

Akanitazama. Akageuka akawaambia wenzake kwa huruma kubwa, "Mpeni huyu maji anywe, uchungu umemzidi."

Na kabla sijafungua mdomo tena, nikasikia kipaza sauti cha msikiti kinakohoa: tangazo la msiba, umetokea msiba, waumini wote wafike upande wa migombani, jina la marehemu litatajwa baadaye. Baba Nasri akanikazia macho. Nikamkazia macho na mimi. Katika maisha yetu ya ndoa hatujawahi kuelewana haraka namna ile.

Ndipo akaja Bi Tatu.

Bi Tatu ni mama wa makamo, mnene, na siku ile alikuja kama walivyokuja wengine, mikono kichwani, analia kwa moyo wake wote, watu wakampisha njia, akafika mbele, akamwona Bibi amejilaza juu ya lile tuta amelikumbatia, na kilio kikamkatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Ee!" akasema. "Mbona mmezilalia ndizi zangu?"

Watu wote wakanigeukia mimi.

"Ndizi gani?" nikauliza, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Ndizi zangu! Nimezivundika kwa ajili ya harusi ya mwanangu, nimezifukiza moshi jana, na kesho kutwa nazifukua. Nani kazimwagia marashi?"

Nisiwafiche, nilizijua ndizi za kuvundika. Nimekulia huku huku! Nimeona shimo likichimbwa, ndizi mbichi zikilazwa, majani juu, udongo juu, moshi ukipulizwa ndani mpaka ziive kwa joto. Ndiyo maana hasira yangu kubwa mpaka leo ni kwangu mwenyewe. Joto nililiona, harufu niliinusa, moshi nilionyeshwa na wifi yangu kwa kidole, nikavitafsiri vyote kuwa karama.

Aliyeanza kucheka ni Zuhura. Kisha yule mama wa ndoo. Kisha ikawa kama moto kwenye makuti, watu wanashikana, watu wanakaa chini, mmoja anasema "Marehemu Ndizi binti Mgomba!", mwingine anapaza, "Mpunga wangu wanakula ndege, mie nalilia mkungu!" na yule mtu mpole wa jamvi amegeukia mgomba, mabega yanatikisika.

Bibi hakucheka. Alijikusanya, akapapasa kutafuta viatu vyake, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Nirudisheni nyumbani. Nimeshamdhalilisha vya kutosha."

Hapo nikalipuka. Sikumbuki yote niliyosema, na mengine Baba Nasri anasema bora nisiyakumbuke, lakini niliwaambia chekeni, chekeni mshibe, aliyekosea ni mimi, huyu bibi hana kosa, huyu bibi katoka Kibiti haoni mbele wala nyuma kumtafuta babu yake aliyekufa njaa humu kwenye mikoko yenu, akazikwa na mkewe peke yake kwa kifuu cha nazi, hana hata mtu mmoja wa kumwitikia amin, na sasa tunarudi hajampata, basi chekeni!

Kicheko kikapungua, kikaisha.

Bi Tatu akachuchumaa mbele ya Bibi. "Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Huyo babu yako, alikuwa mtu wa vita? Wa kutoka milimani?"

"Wa milimani. Mbonde jina lake."

Bi Tatu akashika mdomo. Akageuka kuwatazama wenzake, nao wakatazamana, na nikaona nyuso zinabadilika. "Mama," akasema, "mama mkwe wangu aliponikabidhi shamba hili alinipeleka pale baada ya migomba, kwenye minazi, akanionyesha mahali, akaniambia hapa jembe lako lisipite, kalala mgeni wa vita. Na yeye aliambiwa na mkwewe. Jina hakuna aliyelijua. Sisi tunamwita Mgeni. Mie kila nikipita pale na jembe langu namsomea Fatiha, namwambia, Mgeni wetu, pokea, hatujui kwenu."

Bibi akaanza kutafuta mikono ya mwenzake hewani. Bi Tatu akampa.

Baba Nasri alipiga magoti, akambeba Bibi mgongoni kama mtoto, akaipita ile migomba. Bibi huku analia huku ananiambia, "Umeona mume? Wako yuko wapi?" Na watu wote wale, pamoja na jamvi lao na vitabu vyao vya hitima na watoto wao, wakatufuata. Hakuna aliyerudi kwenye mpunga.

Palikuwa na minazi, na katikati yake kipande cha ardhi kisichokuwa na tuta wala jiwe, nyasi tu, lakini pande zote pamelimwa na pale hapajaguswa. Jembe limezunguka, limezunguka, vizazi na vizazi. Mjomba Shomari alitukuta pale, tope mpaka kiunoni, anahema, akasema, "Ndiyo hapa," kana kwamba tulikuwa tunamsubiri yeye.

Wanaume wakatandika jamvi. Wakasoma hitima, nzima, kama ya mtu aliyefariki asubuhi ile. Bibi akaombwa ataje jina la marehemu na la mama yake marehemu, akayataja. Na shehe alipoomba dua, watu wakaitikia amin, wanaume mbele, wanawake nyuma, watoto pembeni, sauti nene, moja, nikamwona Bibi kila ikisemwa anatikisa kichwa kama anazihesabu. Alipotoka pale hakulia tena. Aliuliza tu, "Na hawa watu wamekula?"

Walikuwa wameshapika. Wenyewe! Kila mama aliyekimbilia kilio alikuwa amekuja na mchele wake kwenye upawa au kwenye kanga, kama inavyotakiwa msibani, na samaki wakaletwa, na Zuhura (nampa haki yake) alisugua masufuria mpaka kucha zake za bandia zikaishia Mbuchi. Bi Tatu akanilisha kwa mkono wake huku ananiambia kwamba wakwe zake wa harusi hawajawahi kula ndizi zenye marashi, watasema ni mambo ya kisasa.

Mafia hatukwenda. Boti ilituacha, papa potwe hatukumwona, Bagamoyo na Saadani ziko pale pale zilipo, na Baba Nasri ameanza tena habari za Zanzibar. Simjibu. Nikiwa na hasira naye, nakumbuka namna alivyopiga magoti pale migombani, hasira inashuka kidogo.

Na yule mama wa mashine ya kukoboa alipomaliza kunihadithia, aliniuliza, "Sasa mtu kama yule, dada, utamwambia nini?" Nikamwambia mwambie pole. Akashangaa, pole ya nini, si palikuwa hapana maiti? Nikatua debe langu chini nikamweleza kwamba maiti alikuwepo, ila watu wake walichelewa kufika, na waliomlindia nafasi yake muda wote huo ni watu wa Mbuchi, ambao mpaka nakufa sitamaliza kuwalipa. Kwa hiyo nimeapa: nikifika kwenye kijiji cha watu nitakaa chini nimsubiri mwenyeji, maji yajae yasijae. Na nikisikia kilio, hata kama ni cha nani sijui, nitaacha ninachofanya, nitajifunga kanga yangu ya pili, nitakwenda.